Jina la Ubatizo na Jina la Chama

Mahubiri juu ya 1 Wakorintho 1:10-17



Fungueni kwanza Biblia zenu, mkasome neno lililotajwa hapo juu, kisha mrudi kwa maneno haya. Habari yake ndiyo hii. Mtume Paulo alikuwa Efeso, ng'ambo ya bahari, na watu wa nyumba ya Kloe wakamletea habari za usharika wa Korintho. Hawakuleta habari ya njaa, wala ya mateso. Walileta habari ya magomvi. Usharika ule haukupungukiwa na vipawa. Walikuwamo wenye kunena vizuri, na wenye maarifa, na wenye bidii nyingi. Lakini walikuwa wamejigawa makundi manne. Mmoja alijiita mtu wa Paulo, wa pili mtu wa Apolo, wa tatu mtu wa Kefa. Wa nne alijiita mtu wa Kristo. Walakini hata jina hilo tukufu lilikuwa limegeuzwa kuwa alama ya kundi, la kujikuza mbele ya makundi mengine. Mtume hawaulizi ni kundi gani lenye haki. Awauliza neno moja tu: ni nani aliyesulibiwa kwa ajili yenu, na siku ya ubatizo wenu jina la nani lilitajwa juu yenu? Kwa swali hilo makundi yote manne yananyamaza.

Mwezi huu napenda tulichukue swali hilo, tuzitazame kwalo nchi mbili za magharibi, yaani Marekani na Ujerumani. Sitafuti habari za ajabu za ng'ambo. Katika nchi hizo ndiko walikotoka wengi wa wale waliotuletea Injili. Watu wa Leipzig walifika Uchaga mwaka 1893. Watu wa Bethel walifanya kazi Usambara, na baadaye Buhaya. Watu wa Berlin walifanya kazi katika milima ya kusini. Nao watu wa Augustana kutoka Marekani walilea sharika za Iramba, tena walizisaidia sharika nyingine Wajerumani walipoondolewa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mjukuu akisikia ya kuwa nyumba ya babu yake imepasuka, hacheki, wala hasemi, Hayanihusu. Huenda kutazama ufa ulianzia wapi, apate kuukagua na ukuta wa nyumba yake mwenyewe.

Kwanza: Jinsi chama kinavyogeuka kuwa ukoo

Katika Marekani viko vyama viwili vikubwa, Democrat na Republican. Kazi ya chama ni kushauriana habari za kodi, za shule, za barabara, za sheria na za vita. Katika mambo hayo watu wema waweza kupishana mawazo, na jioni wakala pamoja. Mwaka 1960 wataalamu waliwauliza Wamarekani kama wangechukizwa mtoto wao akioa au kuolewa katika chama kingine. Katika kila watu 100, waliosema ya kuwa wangechukizwa walikuwa kama 5 tu. Mwaka 2010 watu waliulizwa tena swali la namna hiyo. Safari hii karibu nusu ya watu wa Republican, na kama theluthi ya watu wa Democrat, walijibu ya kuwa wangechukizwa.

Ndugu zangu, sisi twajua maana ya swali la ndoa. Mzee akiikataa posa, hasemi habari za kodi wala za barabara. Asema, Hao si watu wetu. Basi hapo chama kimekwisha kuwa ukoo. Mtu haulizi tena, Shauri hili ni jema au baya? Huuliza, Limetoka kwetu au limetoka kwao?

Mambo hayo yalitokeaje? Sababu ni nyingi, nami nitataja tatu tu. Ya kwanza, viti vya kanisani vimekuwa vitupu. Shirika la Gallup, ambalo kazi yake ni kuuliza watu maoni yao, liliona mwaka 1999 ya kuwa katika kila Wamarekani wazima 100, watu 70 walikuwa washiriki wa kanisa, au wa sinagogi, au wa msikiti. Mwaka 2020 walikuwa 47. Lakini moyo wa mwanadamu haukai mtupu. Asiye na usharika hutafuta usharika, na chama kiko tayari kumpa nyimbo, na sikukuu, na maadui, na matumaini ya nchi mpya.

Ya pili, masikio yametengwa. Tangu mwaka 1949 palikuwa na amri katika Marekani, ya kuwa kituo cha redio au cha televisheni kikitangaza jambo lenye mabishano, kiwape nafasi wenye mawazo mbalimbali. Amri hiyo iliondolewa mwaka 1987. Baadaye simu za mkononi zikaja, nazo zimejifunza kumletea kila mtu maneno yale yampendezayo au yamkasirishayo, maana hayo ndiyo yanayomfanya akae akizitazama. Hivyo majirani wawili waweza kukaa nyumba mkabala, na kila mmoja asisikie neno jema hata moja juu ya upande wa mwenzake mwaka mzima.

Ya tatu, viko vidonda vya kweli, wala tusiwahukumu upesi. Iko miji ambayo viwanda vyake vilifungwa, na baba wa nyumba akabaki bila kazi na bila heshima. Wako watu weusi ambao mababu zao walikuwa watumwa hata mwaka 1865, na ambao wazazi wao katika majimbo ya kusini walizuiliwa kwa hila kupiga kura hata ilipotoka sheria ya mwaka 1965. Mwenye kidonda huwatafuta wenzake, na kufanya hivyo si dhambi. Dhambi huanza kidonda kinapofanywa kuwa mungu, kikaabudiwa, kikatolewa sadaka.

Nazo sadaka zimetolewa. Tarehe 6 Januari 2021 watu waliokataa matokeo ya uchaguzi waliingia kwa nguvu katika jumba la Bunge mjini Washington. Katika kundi lile walikuwamo waliochukua misalaba, na bendera zenye jina la Yesu. Mwezi wa Juni 2025 Melissa Hortman, mbunge wa jimbo la Minnesota, mtu wa Democrat, aliuawa nyumbani kwake pamoja na mumewe. Mwezi wa Septemba mwaka uo huo Charlie Kirk, msemaji mashuhuri wa upande wa pili, aliuawa kwa risasi akihutubia wanafunzi katika jimbo la Utah. Katika misiba yote miwili walitokea watu waliofanya mzaha, kwa sababu maiti haikuwa ya upande wao. Mtu asiyeweza kumlilia marehemu kabla ya kuuliza chama chake, huyo amekwisha kumsahau Yeye aliyelia kaburini kwa Lazaro.

Pili: Jinsi kundi linavyopanda madhabahuni

Labda msomaji atasema, Hayo ni mambo ya siasa. Kanisa na likae mbali, linyamaze, lihubiri umoja. Kwa ajili ya neno hilo yatupasa kwenda Ujerumani, katika kanisa la Luther mwenyewe.

Mwaka 1933 Adolf Hitler alipopata utawala, Wajerumani walikuwa watu waliojeruhiwa. Walikuwa wameshindwa vita mwaka 1918; fedha yao iliharibika kabisa mwaka 1923; na mwaka 1932 watu kama milioni 6 hawakuwa na kazi. Ndipo likapata nguvu ndani ya kanisa kundi lililojiita Wakristo wa Kijerumani. Hao walihubiri umoja kuliko wote. Kanisa za Kiprotestanti zilikuwa 28, kila jimbo na lake. Wao walitaka taifa moja, kanisa moja, askofu mmoja. Nani angechukia umoja? Mwezi wa Julai mwaka ule walishinda katika uchaguzi wa kanisa, wakisaidiwa na chama cha Hitler. Mwezi wa Septemba mtu wao, Ludwig Müller, alichaguliwa kuwa askofu wa taifa zima, katika mji wa Wittenberg, mji wa Luther.

Sasa tazameni mwendo wake, maana ulikwenda kwa hatua tatu. Hatua ya kwanza, waliongeza kitu. Bendera ya chama ilisimamishwa karibu na madhabahu, na watu wakafundishwa ya kuwa damu na taifa ni sauti ya Mungu pia. Hatua ya pili, walitoa mtu. Mwezi wa Septemba 1933 sinodi ya Prussia ilikata shauri ya kuwa mtu mwenye asili ya Kiyahudi, au mwenye mke wa asili hiyo, asiwe mchungaji, hata kama amebatizwa na kuwekewa mikono. Fikirini jambo hili, ndugu zangu: kwa sheria ile Bwana wetu mwenyewe, mwana wa Mariamu, wa ukoo wa Daudi, asingeruhusiwa kupanda mimbarani katika kanisa linaloitwa kwa jina lake. Hatua ya tatu, walitaka kulikata Neno. Tarehe 13 Novemba 1933, mbele ya watu kama 20,000 mjini Berlin, msemaji wao Reinhold Krause alidai Agano la Kale liondolewe, na mafundisho ya Paulo yasafishwe.

Kwanza bendera, kisha ndugu, kisha Biblia. Aliyeikubali hatua ya kwanza kwa kuwa ilionekana ndogo, aliona vigumu kuipinga ya tatu.

Walakini Mungu hakujiacha bila mashahidi. Mwezi wa Mei 1934, katika mji wa Barmen, walikutana Walutheri, Wareformati na watu wa kanisa zilizoungana, wakaungama kwa mafungu sita ya kuwa kanisa halina neno la pili la kutii kando ya Yesu Kristo, wala halina eneo lolote la maisha ambalo bwana wake ni mwingine. Hapo kanisa liligawanyika kweli kweli, wala mgawanyiko ule haukuwa dhambi. Kwa hiyo tusiseme ya kuwa kila ugomvi ni mbaya na kila amani ni njema. Uko umoja wa kaburi. Na iko vita ambayo Kristo mwenyewe aliileta.

Lakini tusiwafanye mashahidi hao kuwa watakatifu wasio na waa. Ungamo la Barmen halikutaja Wayahudi hata neno moja, wakati walipokuwa wakifukuzwa kazini na kutukanwa njiani. Tena Luther mwenyewe, katika uzee wake, mwaka 1543, aliandika maneno mabaya sana juu ya Wayahudi, na watesi wao walifurahi kuyatumia. Baadaye Wayahudi kama milioni 6 waliuawa, na wengi wa wauaji walikuwa wamebatizwa.

Martin Niemöller alikuwa mmoja wa wachungaji walioanza kushindana. Zamani alikuwa ofisa wa meli za kivita, mpenda taifa lake. Alikipigia kura chama cha Hitler, na mwaka 1933 alifurahi. Lakini shauri lile la damu lilipoingia kanisani alisimama, akakusanya wachungaji wenzake. Tarehe 1 Julai 1937 alikamatwa, akakaa kifungoni hata mwaka 1945. Alipotoka, angaliweza kusema, Mimi niliteswa, wengine na watubu. Hakusema hivyo. Mwezi wa Oktoba 1945, mjini Stuttgart, yeye pamoja na viongozi wengine walisimama mbele ya wajumbe wa kanisa za nchi zilizokuwa adui zao juzi, wakaungama hatia yao wenyewe, kwamba hawakuwa hodari katika kushuhudia, wala hawakusali, wala hawakupenda, kama ilivyowapasa. Kwa mlango huo wa toba udugu ulirudi.

Tatu: Basi na sisi yatupasa nini?

Wako watu kwetu wasikiao habari hizi na kusema, Wazungu wameanguka. Ndugu, tusiseme hivyo. Kama waliotufundisha Katekisimo walianguka, sisi tulioipokea kwao tu nani? Sisi nasi tuna makabila, tuna vyama, tuna kanda. Nazo simu zile zile ziko mikononi mwa vijana wetu, na mwa wazee pia. Wazee wetu walinena, Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Neno la kwanza: tuanze na ulimi. Katika amri ya nane Luther hakuridhika kutuzuia tusiseme uongo. Alitutaka tumtetee jirani asiyekuwapo, na matendo yake tuyaeleze kwa wema kadiri iwezekanavyo. Nani afanyaye hivyo kwa mtu wa chama kingine? Mimi niandikaye nina hatia. Siku moja nililetewa habari mbaya ya mtu nisiyempenda kwa siasa yake, nami nikafurahi kabla sijauliza kama habari ile ni kweli. Nikampelekea na rafiki yangu. Kesho yake habari ikajulikana kuwa ni uongo. Jioni ile nilikuwa na darasa la kipaimara, na fungu letu lilikuwa amri ya nane. Mtoto mmoja aliniuliza kama kuupeleka uongo wa mtu mwingine ni uongo pia. Nilimjibu kweli, kisha nikaenda kwa rafiki yangu kuungama. Siwezi kukuambieni ya kuwa njia ile ilikuwa nyepesi.

Neno la pili: tujue kupambanua. Ukitaka kujua kama ugomvi wako ni wa Kristo au ni wa kundi linalojifunika jina la Kristo, jiulize maswali mawili. Je, namtetea jirani anayeonewa, au najitetea mimi na watu wangu? Na tena, je, naweza kukemea kosa la upande wangu kwa sauti ile ile ninayokemea nayo kosa la upande wa pili? Nathani alikuwa mtu wa nyumba ya Daudi, naye alimkemea Daudi. Nabii anayekemea jumba la jirani tu, huyo si nabii. Ni mtumishi wa jumba lake.

Neno la tatu: tuitunze meza ya Bwana isigawanyike. Kupasua ni kazi ya siku moja, kuunga ni kazi ya maisha. Wakati wa vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, vita vilivyoletwa na utumwa, Walutheri wa majimbo ya kusini walijitenga na ndugu zao wa kaskazini, wakaunda chama chao cha kanisa mwaka 1863. Vita viliisha mwaka 1865. Kanisa zile hazikuungana tena hata mwaka 1918. Watoto walizaliwa, wakabatizwa, wakazeeka, wakazikwa, na ufa ulikuwa bado.

Nanyi waalimu, mliopewa kazi ya kufundisha wanafunzi wa ubatizo na wa kipaimara, nawasihi neno moja. Msiwafundishe kuyachukia makabila yao wala desturi zao. Lugha ya mama, na nyimbo za nyumbani, na heshima ya wazee ni zawadi za Mungu. Na mpenda nchi asiyeidharau nchi ya mwenzake afanya vema. Mwanafunzi na awe na kabila, na akipenda awe na chama. Lakini mfundisheni ni jina lipi lililo la kwanza. Jina la kabila alipewa na wazazi, jina la chama alilichagua mwenyewe, nalo aweza kulibadili kesho. Jina la ubatizo alipewa na Yeye aliyemfia, wala hakuna uchaguzi utakaoliondoa. Na kando yake, kwenye maji yale yale, amesimama mtu ambaye asingemchagua kuwa ndugu, naye ni ndugu.

Jumapili ijayo, mkipiga magoti kupokea mwili na damu ya Bwana, tazameni ni nani aliye karibu nanyi. Kama ni mtu ambaye juma zima mlimnena vibaya kwa ajili ya siasa yake, msiondoke kanisani bila kumpa mkono. Na kama hayupo, kwa kuwa maneno yenu yalimfukuza, basi mwendeeni nyumbani kwake.

Tuombe. Bwana Yesu Kristo, wewe mmoja uliyesulibiwa kwa ajili yetu sote, tusamehe sisi tuliolichukua jina lako kuwa bendera yetu. Ziponye nchi zilizotuletea Injili, uwafariji waliofiwa kwa ajili ya chuki ya vyama, uwape toba wenye hatia. Ufungue midomo yetu palipo na mtu anayeonewa, uifunge palipo na masingizio. Utulinde katika jina tulilobatizwa kwalo, hata siku ile makundi yote yatakapokwisha, nawe utakapokuwa mchungaji wa kundi moja. Amin.